Sauti Isiyofika Barazani

Mimi ni fundi wa kompyuta, na hasira zangu ziko karibu. Nalisema mapema ili msomaji asije akanishangaa huko mbele. Mashine ikinikataa mara ya kwanza naibembeleza. Mara ya pili naitukana kwa Kigiriama, lugha ya kwetu. Mara ya tatu nafungasha vifaa vyangu naenda kunywa chai. Kwa tabia hiyo nimefanya kazi Mombasa miaka mingi. Chumba changu kiko ghorofani, juu ya duka la leso pale Biashara Street, lakini wateja wangu wengi ni ofisi za maghala ya Shimanzi, ambako malori hayanyamazi na mtu akitaka kusikika sharti apige kelele.

Siku moja nilipigiwa simu na mwanamke mtu mzima. Alisema yeye ni muuguzi katika kliniki moja ya Mji wa Kale, na kwamba daktari wake ameletewa kompyuta ya kuandika mtu akisema, lakini hapana ajuaye kuifungua. Alipoanza kunielekeza njia nilimwacha amalize kwa adabu tu, maana nilikuwa nikiijua. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilimpeleka mama yangu pale mara nyingi. Hilo sikumwambia muuguzi kwenye simu, na nilipofika sikumwambia daktari pia. Yeye naye hakuonyesha kunikumbuka, nikaona afadhali.

Kliniki yenyewe ni vyumba vitatu vya nyumba ya mawe. Cha mbele anakaa muuguzi na wagonjwa wanaongoja, cha nyuma kina kitanda cha kupimia, na cha katikati ndicho cha daktari. Meza yake iko dirishani kwa ajili ya mwanga, na chini ya dirisha, kwa nje, kuna baraza ya mawe ambayo wazee wa mtaa hukaa tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Ukiwa ndani unawasikia wakibishana kuhusu mpira. Nilikumbuka kwamba hata zamani walikuwa pale.

Mji wa Kale mtu hafungui mkoba kabla salamu hazijaisha. Nilimwamkia daktari, akaitikia, akaniuliza habari za kwangu, za kazi, za wazee, za safari ya kutoka Biashara Street ambayo ni mwendo wa dakika kumi. Alikuwa amepita miaka sabini, kanzu yake imenyooka, kofia ya vito kichwani. Mkono wake wa kulia ulitetemeka juu ya meza, na alikuwa ameweka wa kushoto juu yake ili utulie.

Muuguzi ndiye aliyenieleza mambo yalivyo, daktari alipokwenda kutawadha. Mkono ule ulianza kutetemeka kidogo kidogo, mpaka siku moja mwenye duka la dawa akarudisha cheti kwa sababu hakuweza kusoma kama mgonjwa ameandikiwa kidonge kimoja au saba. Tangu siku hiyo daktari hakuandika tena. Muuguzi alijaribu kumwandikia.

"Lakini mimi nami mato yangu ya kazi gani," aliniambia, akijigusa macho. "Nami nshazeeka na yeye."

Mwana wa daktari, ambaye naye ni daktari huko Nairobi, ndiye aliyenunua kompyuta pamoja na programu ya imla, ile ya madaktari, inayojua majina ya dawa na magonjwa. Alikuwa amesema wazi kwamba angekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akikuta taarifa za wagonjwa zimeandikwa zikasomeka, baba aendelee. Akikuta hazipo, mlango ufungwe, mzee apumzike. Muuguzi aliposema neno apumzike alibetua midomo.

Basi nikaanza kazi. Nilichomeka maikrofoni, nikaisimamisha juu ya meza na kuanza kuiambia programu habari za malaria, nayo ikaandika vichekesho. Kwa mara ya kwanza nikaibembeleza. Haikunichukua muda kugundua kwamba kompyuta ilikuwa ikisikiliza kwa maikrofoni yake ndogo iliyo juu ya kioo, na ile ya mezani imeachwa kama pambo. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua inayofaa, na mambo yakanyooka.

"Hebu niambie, mwanangu," daktari aliniuliza. "Nikisema hapa, hii sauti yenda wapi?"

Nikamweleza kwa fahari ya kazi yangu. Sauti inapita kwenye waya, inaingia kwenye kompyuta, inageuzwa maandishi, basi. Nimeiweka ifanye kazi bila mtandao.

"Haitoki nde?"

"Haitoki nje, Daktari."

"Vyema," akasema, kisha akarudia, "Vyema."

Nilidhani ameuliza swali la kompyuta, nami nikajibu la kompyuta.

Programu ya namna ile hutaka kwanza izoee sauti ya mwenyewe, kwa hiyo humpa kurasa za kusoma. Daktari alinyoosha mgongo, akakohoa mara moja, akasoma. Kumbe mzee ana sauti! Kizungu chake kilikuwa cha shule za zamani, kila herufi imepewa haki yake. Sauti ilijaa chumba, wazee wa nje wakanyamaza kidogo, na maneno yakamwagika kwenye kioo bila kosa. Muuguzi alipiga kigelegele kimoja, akaleta mahamri na mbaazi, nikaenda zangu Biashara Street nikijiona mtu wa maana.

Jumatatu simu ikalia. "Ndoo," alisema muuguzi, yaani njoo. "Kitu chako chaandika upuuzi."

Nilipoingia nilikuta maikrofoni imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kwa mkono, chenye maua na shanga pembeni. Kompyuta ilikuwa na chake, mashine ya kuchapa ilikuwa na chake, hata simu ya mezani isiyofanya kazi tena ilikuwa na chake. Ile seti nzima alikuwa ameifuma muuguzi mwenyewe.

"Bi mkubwa," nikamwambia, "hii maiki inasikia kupitia hapa juu. Umeiziba masikio."

"Na vumbi je? Kitu kipya chaachwa uchi namna hiyo?"

Tulibishana kidogo kwa heshima. Mwisho tukapatana kwamba maikrofoni itavikwa kitambaa kazi ikiisha, na kuvuliwa kazi ikianza. Nikamwomba daktari asome kitu. Akachukua gazeti, akanyoosha mgongo, akasoma habari ya bei ya unga. Kila neno likatokea. Nikamtazama muuguzi, akaangalia pembeni.

Jumatano simu tena. Safari hii kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri pembeni, na kwenye kioo hakukuwa na upuuzi wala maana, kulikuwa kweupe. Wagonjwa sita asubuhi ile na hakuna hata mstari. Nikatazama juu nikaona pangaboi linazunguka kwa nguvu zake zote, likipepea karatasi. Nikasema ndilo hilo, upepo unaingia kwenye maikrofoni. Tukalizima. Daktari akasoma gazeti huku jasho likimtoka chini ya kofia, na kila neno likatokea. Nikawaachia amri kwamba pangaboi lisiwashwe wakati wa imla, nikaondoka.

Alhamisi asubuhi muuguzi hakusema hata ndoo. Alisema tu, "Hola," yaani hakuna kitu, akakata.

Sasa hapo nilikuwa nimeshafika kwenye Kigiriama. Nilikwenda na maikrofoni yangu mwenyewe, ile bora niliyokuwa nimeiweka kabatini, nikabadilisha na waya, nikabadilisha na tundu la kuchomekea. Nikamwomba daktari asome. Akasoma, ikaandika. Nikamwomba tena. Akasoma, ikaandika. Nikamuuliza mbona mimi nikiwepo inaandika na nikiondoka haiandiki, akasema hajui, huku akipangusa miwani yake kwa muda mrefu. Jasho lilikuwa likinitiririka, ofisi moja ya Shimanzi ilikuwa ikinipigia simu tangu saa mbili, na nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nataka kujificha.

"Daktari, labda ni matamshi yako. Labda mashine haikielewi Kizungu chako."

Daktari akavaa miwani. Wazee hawakuwa wamefika barazani saa zile.

"Mwanangu," alisema taratibu, "Kizungu hiki nakisema tangu wewe hujazaliwa." Akaweka mkono wa kushoto juu ya wa kulia. "Lakini yumkini. Yumkini wakati wangu umeisha. Huyu mtoto wangu hasemi vibaya."

Niliona aibu iliyonishuka mpaka miguuni. Nilikusanya vifaa vyangu bila kujua naweka nini wapi. Muuguzi alinisindikiza mpaka mlangoni, na badala ya kunigombeza, kama nilivyostahili, alinivuta kwenye kabati la faili. Akatoa moja la miaka ya nyuma. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa wino mweusi, mistari imesimama. Akatoa jingine la mwaka juzi. Mistari imelegea. Akatoa la mwaka huu, nikaliangalia mara moja nikamrudishia.

"Ashaanza kuwaambia wagonjwa watafute daktari mwengine," alisema. "Mmoja alilia jana hapo ulipo. Leo ni Alhamisi, mwanawe yuwaja Jumamosi."

Niliweka mkoba chini. Sikwenda Shimanzi siku hiyo, wala chai sikunywa. Nilirudi kwa daktari nikamwomba radhi, akanisamehe kabla sijamaliza sentensi. Kisha nikamwomba ruhusa ya kukaa chumbani akiwa anasoma imla ya kweli, ya mgonjwa wa kweli, nione kinachotokea.

"Hilo halifai," alisema. "Mgonjwa hakukuita wewe."

Hakukasirika, lakini nilijua hata ningepiga magoti asingebadilika. Nikafikiri. Kama siwezi kuona, labda ninaweza kusikia. Nikangoja mpaka alasiri, wagonjwa walipoanza kuingia, nikatoka nje na kwenda kukaa barazani chini ya dirisha. Wazee walikuwa wanne. Wakanisogezea nafasi, wakanipa kikombe cha kahawa na kipande cha kashata, wakarudi kwenye mpira wao.

Nilimsikia mgonjwa akiingia, mwanamke. Nilisikia kiti kikivutwa, mlango wa chumba cha nyuma, mlango tena. Kisha mwanamke akatoka, akapita mbele yetu, wazee wakamwamkia kwa jina na kumuuliza habari za mumewe, akaitikia, akakunja kona. Nikajua sasa daktari yuko mbele ya maikrofoni. Nikategea. Dirisha lilikuwa wazi, mbao zake zimeegemezwa ukutani, na mimi nilikuwa hatua mbili tu. Sikusikia kitu. Nikajiambia mzee amechoka na hasomi, anakaa tu na kutazama kioo.

"Wasikiza nini, mwanangu?" aliniuliza mzee aliyekuwa karibu nami, mwenye fimbo. "Tangu uje shingo umeipinda."

Sikuwa na uongo ulio tayari. "Nasikiliza sauti ya daktari."

Mzee akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Akawaambia wenzake, nao wakacheka.

"Basi utakaa sana," alisema. "Mimi kwenye baraza hii nina zaidi ya miaka thalathini. Hapa najua nani amposa nani, najua nani ataka kuuza nyumba na hajawambia nduguze. Najua mambo ambayo wenyewe hawajayajua. Lakini za dirisha hili, wallahi, sijapata hata moja. Huyu bwana akisema na karatasi zake, hata nzi hasikii."

"Kwani alikuwa akisema na karatasi tangu zamani?"

"Tangu zamani. Huandika huku asema, tabia yake. Wamuona midomo yenda. Lakini sauti, hola."

Nilibaki na kikombe mkononi. Mwanamke aliyetoka tulikuwa tumemwona sote, watu watano, tumemwamkia kwa jina. Lolote ambalo lingetoka kwenye dirisha lile dakika ile, tungejua ni lake. Ndiyo maana daktari alisoma gazeti kwa sauti ya kujaza chumba, kwa sababu bei ya unga si siri ya mtu. Na ndiyo maana nilipoondoka, kwa wagonjwa wake, alirudi kwenye sauti aliyoizoea miaka yote. Mimi, mtu wa Shimanzi, niliifundisha mashine sauti ya mahubiri, kisha nikailaumu kwa kutosikia mnong'ono. Halafu nikamlaumu yeye.

Lakini si hilo lililonifanya nishindwe kumaliza kashata. Nilikuwa nikimkumbuka mama yangu akitoka kwenye mlango ule, mimi nimemshika mkono, na wazee, labda mmoja wao ni huyu mwenye fimbo, wakitusalimu. Mama alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga kule ufukweni Mama Ngina jioni, na wateja wake walikuwa wakimjua. Alipougua kifua kikuu, daktari alimwambia asikae na watu wala asiuze chakula mpaka apate nafuu ya kweli, na mama alilia, si kwa ugonjwa, bali kwa sababu alijua neno hilo likishatamkwa mtaani hakuna atakayenunua muhogo wake tena maisha yake yote, hata akipona, na mwenye nyumba atatutoa. Wakakubaliana pale chumbani, mimi nikisikia, kwamba tuseme ni mguu. Mguu hauogopwi. Basi mama alikaa ndani miezi kadhaa na tukasema mguu, mguu, kwa kila aliyeuliza. Alipopona akarudi Mama Ngina na karai lake, na wateja wakampa pole ya mguu. Muhogo ule ndio ulionisomesha.

Miaka yote ile nilidhani tulikuwa na bahati. Pale barazani ndipo nilipojua kwamba haikuwa bahati. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akipunguza sauti kila mwezi, kwa makusudi, kwa ajili yetu. Machozi yalinitoka, na mzee mwenye fimbo akadhani kahawa ni kali, akamwita muuza kahawa anipe maji.

Nilirudi ndani mgonjwa wa mwisho alipoondoka. Nikamwambia daktari tuanze upya.

"Ntasoma gazeti?"

"La, Daktari. Soma vile unavyosoma mimi nikiwa sipo."

Alinitazama juu ya miwani. "Umejuaje?"

"Nilikaa barazani."

"Wakasemaje wale?"

"Hawana la kusema. Hawajasikia kitu miaka thalathini."

Uso wake ulifunguka, akacheka kwa furaha, kicheko cha mtu aliyesifiwa jambo analolithamini. Nikamuuliza kwa nini hafungi tu dirisha. Akatikisa kichwa.

"Dirisha hili halifungwi. Siku nitakayolifunga, wale watauliza, leo ameingia nani hata dirisha likafungwa? Nshamharibia mtu kabla sijasema neno."

Miaka yangu yote ya ufundi sikupata kufikiria dirisha kwa namna ile.

Kazi yenyewe, nilipojua nini cha kufanya, haikuwa ngumu. Ile maikrofoni ya kusimama mezani nikaiondoa, nikachukua ya kuvaa, yenye mkono mwembamba unaokuja mpaka pembeni ya mdomo, ili mnong'ono usisafiri mbali. Nikaingia kwenye mipangilio na kuongeza kiwango cha kusikia. Kisha nikakuta kitu ambacho ningekikuta tangu Jumatatu kama ningekuwa na subira. Programu ilikuwa na sehemu ya kusafisha kelele, na sauti ya chini kuliko kiwango fulani iliihesabu kuwa kelele na kuitupa. Siku zote zile ilikuwa ikimsikia mzee vizuri kabisa, na ikimfagia. Nikaizima. Nikafuta ile sauti ya mahubiri niliyokuwa nimeifundisha, tukaanza kurasa za kusoma tangu mwanzo.

Tatizo lililobaki lilikuwa kofia. Utepe wa maikrofoni ulipita juu ya kichwa, na kofia ya vito haivuliwi kwa ajili ya kompyuta. Nilijaribu juu ya kofia, ukateleza. Nilijaribu chini yake, kofia ikasimama upande. Muuguzi alikuwa akitutazama mlangoni kwa huruma. Akaniondoa, akaugeuza utepe upite nyuma ya shingo, akauzungushia kipande cha kitambaa ili usimkwaruze, akakishona palepale kwa sindano aliyoitoa kifuani.

"Haya," akasema. "Na hiki je, pia chaziba masikio?"

Nikamwambia hakizibi. Akaridhika, kwa kuwa kitu chake kimoja kilikuwa kimeingia kwenye mashine.

Daktari akaanza kusoma. Mimi na muuguzi tulisimama hatua tatu nyuma yake, na hatukusikia ila kama mtu anayepuliza chai. Kwenye kioo maneno yakaanza kutokea, moja, mawili, kisha mstari. Kuna mahali yalikwama, nikaongeza kiwango kidogo, yakaendelea. Muuguzi alinishika mkono akaubana sana. Nje wazee walikuwa wakigombana juu ya penalti.

Ijumaa alifanya kazi peke yake mpaka saa ya swala, na simu haikulia. Jioni nilipiga mimi.

"Usitusumbue," muuguzi aliniambia. "Twaandika."

Jumamosi walinialika. Nilimkuta mwana wa daktari ameketi kwenye kiti cha baba yake, mtu wa makamo, shati la Nairobi, akisoma kwenye kompyuta taarifa za siku mbili. Alisoma moja baada ya nyingine. Baba yake alikuwa amesimama dirishani akitazama nje, mkono juu ya mkono. Muuguzi alikuwa akipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Mimi nilisimama karibu na mlango.

Mwana alipomaliza alivua miwani. "Hizi ni nzuri kuliko zangu, baba," alisema. Kisha akasema, "Basi endelea."

Daktari alisema Alhamdulillahi, mara moja tu, na bado akitazama nje. Muuguzi alitoka haraka akidai ameacha chai jikoni. Kliniki ile haina jiko.

Kukaja biriani, na baada ya biriani halua na kahawa, na mwana wa daktari akaniuliza maswali mengi ya kompyuta, nikayajibu kwa fahari yangu ya kawaida. Nilipoaga, daktari alinisindikiza mpaka mlango wa mbele, ambako muuguzi alikuwa amekaa, na mwanawe alikuwa nyuma yetu, na wazee wa baraza wameanza kufika, na mwenye fimbo ameshanyanyua mkono kunisalimu. Daktari akanishukuru. Akanitakia kheri. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya kujaza chumba, kila mtu akisikia:

"Na mama yako, mwanangu? Ule mguu wake waendeleaje?"

Sikuwa nimemwambia mimi ni mtoto wa nani. Nilimtazama, na yeye akanitazama bila kupepesa, akingoja jibu kama mtu aliyeuliza habari ya kawaida.

"Ulipona, Daktari," nikasema. "Ulipona kabisa. Sasa yuko nyumbani Kaloleni, na anatembea kunishinda."

"Vyema," akasema. "Mpe salamu zangu. Mwambie autunze."

Wazee wa baraza nao wakasema mguu si kitu cha kupuuza, na mwenye fimbo akanielekeza mafuta ya kuuchua.